Maswali ya Wasomaji: Mikebe, Kadi na Menyu za Krismasi za Wanajeshi wa Zamani

Tangu tulipochapisha makala fupi juu ya vitu vya zamani vinavyopatikana katika maduka ya Lamu na Malindi, tumeletewa barua nyingi zinazohusu jambo ambalo hatukulitarajia, nalo ni kumbukumbu za Krismasi za wanajeshi wa miaka iliyo baina ya vita viwili vikuu vya dunia, yaani kuanzia mwisho wa 1918 hadi 1939. Nimezichagua chache na kuzifupisha, lakini maswali yenyewe nimeyaacha kama yalivyoulizwa.

*Bwana Mhariri, assalaam alaykum. Marehemu babu yetu alituachia kasha la mbao, na ndani yake mna mkebe wa shaba wenye sura ya mwanamke na maandishi ya 1914. Ndani ya mkebe huo tumekuta kadi iliyokunjwa, yenye utepe, picha ya meli ya vita, jina Hood na salamu za Krismasi ya 1923. Wazee walitusimulia kwamba babu alipokuwa kijana aliishi Unguja, akiuza machungwa na madafu kwa mtumbwi kwenye meli zilizotia nanga, na kwamba baharia mmoja Mwingereza ndiye aliyempa vitu hivyo. Sasa wajukuu tunabishana. Mmoja asema mkebe wa 1914 hauwezi kuhusiana na kadi ya 1923. Mwingine asema babu alivinunua tu mnadani. Tena nauliza, je, niusugue mkebe kwa ndimu na majivu kama tunavyosugua masinia? — Msomaji wa Barani, Malindi*

Wa alaykum salaam. Nianze na swali la mwisho kwa sababu ndilo la haraka: usiusugue. Nitaeleza sababu baadaye.

Mkebe wako unajulikana vizuri. Mnamo Oktoba 1914 ulianzishwa mfuko wa michango kwa jina la Binti Mfalme Mary, bintiye Mfalme George V, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 17, ili kila baharia na askari aliyekuwa vitani apelekewe zawadi ya Krismasi. Sura iliyo kwenye kifuniko ni yake, na pembeni mwa sura hiyo mna herufi M mara mbili. Juu mna maneno ya Kilatini yanayotaja himaya ya Uingereza, chini mna maneno “Christmas 1914”, na kandokando yameandikwa majina ya nchi zilizokuwa upande wa Uingereza: Ufaransa, Urusi, Ubelgiji, Japani, Montenegro na Serbia. Litazame vizuri hilo jina la mwisho, maana katika mkebe halisi limeandikwa kwa V, “Servia”, kama Waingereza walivyokuwa wakiliandika siku hizo. Ukikuta mkebe ulioandikwa kwa B, mrudishie mwenyewe.

Ndani yake wengi waliwekewa tumbaku ya kiko, sigara 20, kiko, kiwashio, kadi ya salamu na picha ya binti huyo. Wasiovuta walipewa peremende pamoja na karatasi, bahasha na penseli. Kwa wasomaji wa pwani ninaona lenye kuvutia zaidi ni jinsi waliogawa zawadi hizo walivyojaribu kuangalia dini na desturi za waliopewa: Masingasinga waliokuwa katika jeshi la India hawakupewa tumbaku bali peremende za sukari na kijikopo cha viungo, na hata wachota maji waliofuatana na jeshi hilo walipewa kijikopo chao cha viungo pamoja na kadi. Miongoni mwa wakusanyaji, vijikopo hivyo vya viungo ni adimu mno kuliko mkebe wa shaba wenyewe.

Ama kuhusu ubishi wenu, mjukuu wa kwanza ameusoma mwaka kwenye kifuniko akadhani ndio mwaka ambao mkebe ulimfikia mtu. Ugawaji ulichelewa sana. Shaba ilikuwa haba, na tani 45 za shaba iliyokuwa ikisafirishwa kutengenezea mikebe zilizama pamoja na meli ya Lusitania mwezi wa Mei 1915, hata ikabidi mikebe mingine itengenezwe kwa madini duni yaliyopakwa rangi ya shaba. Januari 1919, vita vikiwa vimekwisha, bado wapo wengi waliokuwa hawajapata zawadi yao, na mfuko wenyewe ulifungwa mwaka wa 1920 baada ya kugawa mikebe zaidi ya milioni mbili na nusu. Kwa hiyo mkebe ulioandikwa 1914 waweza kabisa kuwa ulimfikia mwenyewe wakati wa amani, naye akaendelea kuutumia kuwekea barua, sindano na nyuzi. Tena mabaharia waliupenda kwa sababu ni mdogo, urefu wake hauzidi sentimita 13, na kifuniko chake hufunga barabara.

Sasa tuje kwenye kadi, maana hapa ndipo masimulizi ya wazee wenu yanaposimama imara. Meli ya Hood iliondoka Uingereza mwishoni mwa Novemba 1923 ikiongoza kikosi cha meli za vita, miongoni mwao Repulse, zilizotumwa kuizunguka dunia na kuonyesha bendera katika makoloni. Krismasi ya mwaka huo iliwakuta Cape Town, na katikati ya Januari 1924 Hood ilitia nanga Unguja, ikakaa siku chache. Meli kubwa kama hiyo isingeweza kufika bandarini bila kuzungukwa na mitumbwi ya wachuuzi, na baharia aliyebakiwa na kadi za Krismasi wiki tatu baada ya sikukuu hakuwa tena na mtu wa kumpelekea. Siwezi kuapa kwamba ndivyo ilivyokuwa, lakini mahali, mwezi na kazi ya babu yenu vyote vinalingana na kadi iliyomo ndani ya mkebe, na mtu anayebuni hadithi juu ya vitu alivyovinunua mnadani kwa kawaida habahatiki kiasi hicho. Jambo la kuongeza thamani ya kadi hiyo, ingawa ni la huzuni, ni kwamba Hood ilizamishwa Mei 1941 na kati ya watu zaidi ya 1,400 waliokuwamo walinusurika watatu tu.

Narudi kwenye ndimu. Sinia la kupakulia pilau husuguliwa kwa sababu linatumika, na likichakaa huenda kwa fundi. Mkebe wako hautumiki. Asidi ya ndimu au ya ukwaju hula uso wa shaba, na majivu huukwaruza, hata sura ya Mary ikabaki bila pua. Nimekwisha kuona mikebe ya namna hiyo, ing'aayo kama mpya na isiyotakiwa na mkusanyaji yeyote. Na mkebe wako ukiwa miongoni mwa ile iliyotengenezwa kwa madini duni baada ya 1915, rangi ya shaba itabanduka na chuma cha chini kitajitokeza. Pangusa vumbi kwa kitambaa kikavu laini, na ukiona kutu ya kijani kwenye bawaba uikwangue taratibu kwa kijiti cha mbao. Muhimu zaidi, itoe kadi nje ya mkebe, kwa sababu chuma chenye kutu na karatasi havikai pamoja, lakini andika pahali kwamba vilikutwa pamoja.

*Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu, nakaa Mkomani, Lamu. Vijana huniletea kadi za Krismasi za rejimenti za Kiingereza, wakisema zimetoka katika nyumba za maofisa wa zamani. Nimeanza kuzipenda, lakini siwezi kupambanua ya kweli na ya uongo. Nianzie wapi?*

Mwalimu, anzia kwenye taji. Kadi nyingi za rejimenti za miaka hiyo zilikuwa za karatasi nene iliyokunjwa mara moja, nembo ya rejimenti imechapishwa kwa mwinuko unaousikia ukipitisha kidole, na utepe au uzi wa hariri wenye rangi za rejimenti umefungwa mgongoni. Juu ya nembo huwa na taji. Wakati wa George V na George VI taji lililochorwa lilikuwa na matao yanayopanda kwa mviringo hadi msalabani; baada ya Malkia Elizabeth kutawala mwaka wa 1952 likachorwa taji lingine ambalo matao yake yanabonyea katikati. Kadi inayodai kuwa ya 1928 na taji lake limebonyea, ni ya baadaye. Lakini usigeuze kanuni hiyo ukadhani kila taji la mviringo ni la kale, kwa kuwa Mfalme Charles naye amelirudisha.

Kisha angalia herufi za mfalme. George V alifariki tarehe 20 Januari 1936, Edward VIII akajiuzulu tarehe 11 Desemba mwaka huohuo, ndipo ndugu yake George VI akashika kiti. Maana yake ni kwamba Edward VIII hakupata Krismasi hata moja akiwa mfalme. Mtu akikuuzia menyu ya karamu ya Krismasi iliyopigwa mhuri wa mfalme huyo, muulize karamu hiyo ililiwa lini.

Baada ya hapo ni historia ya vikosi vyenyewe, na mwalimu kama wewe utaistarehea. Rejimenti tano za Ireland ya kusini, miongoni mwao Leinster Regiment na Connaught Rangers, zilivunjwa mwaka wa 1922 nchi yao ilipojitenga, kwa hiyo hazina kadi ya Krismasi ya mwaka huo wala ya baadaye. Jeshi la Uingereza lililoikalia Rhineland, magharibi mwa Ujerumani, lilikuwa na makao yake Cologne hadi Januari 1926, likahamia Wiesbaden, na askari wake wa mwisho wakaondoka Desemba 1929 kabla ya sikukuu; kadi ya “Cologne, Krismasi 1927” haina mahali pa kutoka. Kinyume chake zipo kadi ambazo mtu asiyejua angezitupa akidhani zimekosewa. Kuelekea Krismasi ya 1934 Jumuiya ya Mataifa, iliyoutangulia Umoja wa Mataifa wa leo, ilipeleka askari wapatao 3,300 wa Uingereza, Italia, Sweden na Uholanzi katika jimbo la Saar, mpakani mwa Ujerumani na Ufaransa, ili kulinda kura ya maoni iliyopigwa tarehe 13 Januari 1935. Walifika siku chache tu kabla ya sikukuu na wakaondoka baada ya muda mfupi, hivyo chochote kilichoandikwa Saar na Krismasi 1934 ni cha kushikwa kwa mikono miwili.

Ikiwa kadi imo ndani ya bahasha iliyopelekwa kutoka kwetu, stempu nazo husema. Stempu zilizoandikwa Kenya na Uganda pekee zilianza 1922. Zile zenye majina matatu, Tanganyika ikiwamo, zilianza 1935. Bei ikiwa ya rupia, ni ya kabla ya shilingi kuingia, yaani mwanzoni kabisa mwa kipindi unachokikusanya.

Mwisho, waombe jirani zako wenye duka la M-Pesa wakuazime ile tochi ya kukagulia noti bandia. Karatasi nyingi zilizotengenezwa kuanzia takriban 1950 zimetiwa dawa ya kuzing'arisha, nazo chini ya miale hiyo huwaka kwa weupe wa buluu. Karatasi ya miaka ya 1920 na 1930 hubaki imefifia. Ni kipimo kizuri cha kumkamata mwongo, ingawa hakitoshi kumthibitisha mkweli, kwa sababu walaghai wengine huchapa kwenye kurasa tupu walizozichana katika daftari za zamani. Hao utawajua kwa kioo cha kukuzia: mashine za siku hizi huacha vitone vidogo vya rangi, na herufi haziingii ndani ya karatasi kama zilivyoingizwa na mashine za zamani zenye herufi za madini ya risasi.

*Mhariri, mimi nakusanya kadi peke yake. Rafiki yangu aniambia menyu ndizo bora. Ni kweli? — Msomaji wa Langoni, Lamu*

Kwa maoni yangu, ni kweli. Kadi humtaja anayepeleka na pengine anayepelekewa, lakini menyu ya kikosi mara nyingi hupindua ukurasa ikawa daftari la watu. Menyu za Krismasi za kampuni za jeshi la Marekani za miaka ya 1920 na 1930 huwa na orodha ya askari wote kwa vyeo vyao, kuanzia kapteni hadi kuruta, na mwisho wa vyakula hutajwa sigara kana kwamba nazo ni chakula. Menyu za Kiingereza hazikuwa na orodha kila mara, ila walaji walipenda kutia sahihi nyuma yake. Zinahifadhi pia desturi ambazo kadi haiwezi kuzionyesha: siku ya Krismasi maofisa na masajenti wa jeshi la Uingereza huwapakulia askari wa chini, na katika meli za vita kijana mdogo kuliko wote huvalishwa nguo za nahodha kwa siku hiyo moja. Iwapo picha ya karamu inaonyesha mtoto wa miaka kumi na sita mwenye kofia ya nahodha, usidhani ni mzaha wa mpiga picha.

*Bwana Mhariri, nafanya kazi ya bustani katika nyumba ya Waitaliano hapa Malindi. Nyumba imeuzwa, na wenyewe wamenipa bahasha ya kadi za “Buon Natale” zenye picha za askari, vifaru na ndege, nyingine zina maandishi “A. XIV”. Mnunuzi mmoja asema hazina tarehe hivyo hazina thamani. Mwingine asema ni haramu kuwa nazo. Nimsikilize yupi?*

Usimsikilize yeyote kati yao. Tarehe zipo. Serikali ya Mussolini ilihesabu miaka kuanzia siku ilipotwaa madaraka mwishoni mwa Oktoba 1922, na mwaka wake ulibadilika kila mwisho wa Oktoba, si Januari. Kwa kuwa Krismasi huangukia mwanzoni mwa mwaka huo wao, hesabu ni rahisi: chukua namba ya Kirumi, jumlisha 1921. Namba XIV ni 14, basi kadi zako ni za Krismasi ya 1935. Zenye XV ni za 1936. Ukikuta kadi yenye mihuri miwili isiyolingana kwa hesabu hiyo, ndipo uwe na shaka.

Na Krismasi ya 1935 si Krismasi yoyote tu. Italia iliivamia Ethiopia tarehe 3 Oktoba mwaka huo, na Addis Ababa ikaanguka tarehe 5 Mei 1936, kwa hiyo hiyo ndiyo Krismasi pekee iliyoikuta vita hiyo rasmi ikipiganwa. Wiki moja kabla yake, tarehe 18 Desemba, wanawake wa Italia walitakiwa kutoa pete zao za ndoa za dhahabu kugharimia vita, wakapewa badala yake pete za chuma. Ikiwa miongoni mwa vitu ulivyopewa mna pete ya chuma iliyochongwa maneno ya dhahabu kwa nchi na tarehe ya 18 Novemba XIV, sasa unajua ni ya nini: hiyo ni siku ambayo Jumuiya ya Mataifa ilianza kuiwekea Italia vikwazo.

Kuhusu uharamu, sijui sheria ya Kenya inayokukataza kumiliki kadi hizo. Lakini mnunuzi wako wa pili ana jambo analolisikia moyoni, hata kama amelisema vibaya. Siku chache kabla ya Krismasi hiyohiyo, wakati wapiganaji wa Ethiopia walipokuwa wakisonga mbele upande wa kaskazini, ndege za Italia zilianza kuwamwagia gesi ya haradali huko kwenye mto Takazze, ilhali Italia ilikuwa imetia sahihi mkataba wa Geneva wa 1925 uliokataza silaha hizo. Kadi yenye ndege na nyota ya Bethlehemu, iliyochapwa mwezi huohuo, haiwezi kusomwa kama pambo. Ninaonelea kadi hizo zihifadhiwe na zionyeshwe, tena ziandikiwe maelezo yanayotaja gesi hiyo kwa jina. Zikitundikwa ukutani mwa mkahawa ili kupendeza wageni, hapo nitakuwa upande wa mnunuzi wako wa pili. Nasema vivyo hivyo kuhusu vijipambo vya mbao vya Desemba vilivyogawiwa Ujerumani kuanzia 1933 na mfuko wa misaada ya majira ya baridi wa serikali ya Hitler, ambavyo watu walivitundika kwenye miti yao ya Krismasi. Katika Ujerumani yenyewe kuonyesha hadharani nembo za chama cha Hitler, yaani cha Nazi, ni kosa, isipokuwa kwa shughuli kama za elimu, na baadhi ya masoko ya mtandaoni hayakubali kuziuza. Ziko bandia nyingi mno. Mwenye kuanza aachane navyo.

*Assalaam alaykum. Jirani zangu hapa Shela, Lamu, wanauliza vipi Muislamu akusanye mambo ya Krismasi. Nijibu nini?*

Wa alaykum salaam. Swali la dini mpelekee shekhe wako, si mimi. La historia naweza kukujibu: askari wengi wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari Waafrika huku Afrika Mashariki, pamoja na wapishi, makarani na mabaharia waliowahudumia maofisa wa Kiingereza, walikuwa Waislamu, na siku ya Krismasi walikuwa kazini. Karamu iliyoandikwa kwenye menyu ilipikwa na mtu, na mara nyingi jina lake ndilo pekee lisilokuwapo. Ukiwa na picha ya namna hiyo, waulize wazee kama wanamtambua aliyesimama nyuma ya meza.

*Mhariri, nina albamu ya kadi na menyu zipatazo mia, nimeziweka katika mifuko ya plastiki na kuzifungia kabatini ili hewa ya chumvi isiingie. Zimeota madoa ya kahawia, na mbili zimetobolewa. Nifanyeje? — Msomaji wa Matondoni, Lamu*

Unyevu ndio adui wako, zaidi ya chumvi. Wataalamu wa karatasi hupendekeza unyevu wa hewa wa asilimia 35 hadi 50, na visiwani kwetu, hasa wakati wa masika, hewa huwa juu ya hapo kwa kiasi kikubwa. Ulipofunga kabati uliufungia unyevu ndani. Madoa ya kahawia hutokana na kuvu pamoja na chembe za chuma zilizomo katika karatasi yenyewe, na hayaondoki kwa kusuguliwa; usiyaguse kwa maji wala dawa ya kufulia. Matobo ni ya mende au ya wale wadudu wembamba wa rangi ya fedha wanaokula gundi na wanga.

Toa kadi zote kwenye mifuko hiyo, hasa ikiwa ina harufu ya plastiki mpya na inanata kidoleni, kwa sababu plastiki ya namna hiyo hutoa asidi na huvuta wino. Zilizoathirika na wadudu zifunge ndani ya mfuko safi usiopitisha hewa, uziweke katika jokofu la kugandisha samaki kwa muda wa wiki moja au mbili, kisha uziache zirudie joto la kawaida kabla ya kuufungua mfuko, la sivyo umande utazilowesha. Baadaye zihifadhi katika bahasha za karatasi isiyo na asidi, au plastiki ya poliesta, ndani ya boksi lililo kwenye rafu ya ukuta wa ndani, mbali na ukuta unaopigwa na mvua ya kusi. Ukuta wa matumbawe hunyonya maji, na kabati lililoegemezwa hapo huyanyonya pia. Vile vipakiti vya chembe za kukausha vinavyokuja na viatu vipya husaidia kidogo, mradi uvibadilishe. Fungua boksi katika siku kavu za kaskazi, upekue, ufunge. Kadi zenye utepe zisiwekwe juani hata kwa saa moja, maana rangi za hariri ndizo zinazokufa kwanza.

*Je, nikiwa na vitu hivi naweza kushitakiwa? Nina penseli iliyotengenezwa kwa ganda la risasi. — Msomaji wa Shela ya Malindi*

Penseli ya ganda tupu haina tatizo; zawadi za 1914 zilikuwa nazo kwa wingi, na kama ni ya zawadi hizo itakuwa na herufi M. Risasi nzima yenye baruti ni jambo lingine kabisa: bila kibali ni kosa, haijalishi ina miaka mingapi, na ukiipata kashani usiipige nyundo wala usiitie mfukoni kuipeleka mjini, bali iite polisi ije pale ilipo. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006 inalinda vitu vilivyotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895, na pia milango iliyonakshiwa kabla ya 1946, hivyo kadi ya 1923 haimo. Mlango uliopigiliwa misumari ya kutundikia kadi hiyo huenda ukawamo.

*Mnunuzi kutoka Nairobi anautaka mkebe wangu tu, na mwingine anaitaka barua iliyokuwa ndani. Nikiwauzia kando kando nitapata zaidi. Ushauri wako? — Msomaji wa Mambrui*

Ukiuza kando kando huenda utapata zaidi leo, kwa mnunuzi wa barua. Kwa mkebe sidhani, maana mikebe iliyogawiwa ilikuwa zaidi ya milioni mbili na nusu, na anayeutaka ataupata penginepo. Ninachohofia ni kwamba barua ndiyo inayomtaja mtu na mkebe ndio unaoonyesha jinsi alivyoihifadhi, na vikishatengana hakuna mnunuzi wa tatu atakayejua vilikuwa pamoja. Nisingeviachanisha. Ukiona huna budi, basi kabla ya kuuza piga picha vikiwa pamoja, pande zote mbili za barua na kifuniko kikiwa wazi. Andika kwa penseli, si kwa kalamu ya wino, kwenye karatasi ya kando wala si juu ya kitu chenyewe: nani alikuwa navyo, alivipata wapi, aliyekusimulia ni nani na lini, na maneno yake kama alivyoyasema, hata pale unapodhani amekosea mwaka. Wape wanunuzi wote wawili nakala ya karatasi hiyo, na nakala ya tatu ubaki nayo nyumbani.